Oświęcim: Mji unaowakumbuka majirani waliotoweka

Ulimwengu mzima unaijua kambi ya Auschwitz. Ni wachache wanaojua kwamba hilo ni jina la Kijerumani la mji wa Oświęcim, kusini mwa Poland, ambako kabla ya Vita Vikuu vya Pili zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa Wayahudi.

Wayahudi waliishi Oświęcim tangu karne ya 16. Kwa lugha yao ya Kiyidishi waliuita mji huo Oshpitzin. Kufikia mwaka 1939 idadi yao ilikuwa takriban 8,000, nao walikuwa na masinagogi, shule, maduka na viwanda. Kiwanda cha pombe kali cha familia ya Haberfeld kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1804.

Mwaka 1939 Alfons Haberfeld, mmiliki wa kiwanda hicho, alisafiri na mkewe kwenda kwenye maonyesho ya kimataifa mjini New York. Vita vilizuka kabla hawajarejea nyumbani. Binti yao mdogo, waliyekuwa wamemwacha na bibi yake, aliuawa na Wanazi.

Sinagogi lateketezwa

Novemba 1939 Wajerumani walilichoma moto Sinagogi Kuu la mji huo. Kambi ya Auschwitz ilifunguliwa Juni 1940 ng'ambo ya mto Soła, na katika majira ya kuchipua ya mwaka 1941 Wayahudi wa Oświęcim walihamishwa kwa nguvu na kupelekwa katika miji ya Sosnowiec, Będzin na Chrzanów. Wengi wao walirudishwa baadaye karibu na kwao, safari hii ili wauawe kambini. Hadi kambi hiyo ilipokombolewa tarehe 27 Januari 1945, watu wapatao milioni 1.1 walikuwa wameuawa humo, takriban milioni moja kati yao wakiwa Wayahudi.

Manusura wachache waliorejea mjini hawakukaa muda mrefu. Szymon Kluger, aliyenusurika kambi za Wanazi na kuishi kwa muda nchini Sweden, alirudi miaka ya 1960 kwenye nyumba ya wazazi wake. Aliishi humo peke yake hadi alipofariki mwaka 2000, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho wa jamii hiyo.

Kumbukumbu yafufuliwa

Kando ya nyumba ya Kluger limesimama sinagogi pekee lililosalia mjini, Chevra Lomdei Mishnayot. Wakati wa vita lilikuwa ghala la silaha, na chini ya utawala wa kikomunisti likageuzwa ghala la mazulia. Mwaka 1998 lilirudishwa mikononi mwa jumuiya ya Wayahudi, na miaka miwili baadaye likafunguliwa upya pamoja na kituo cha makumbusho na elimu.

Mwaka 2004, kwa kufuata simulizi la manusura mmoja, wanaakiolojia walichimba mahali lilipokuwa Sinagogi Kuu. Chini ya udongo walikuta vinara vya mishumaa, taa za kuning'inia na vifaa vingine vya ibada ambavyo sasa vimehifadhiwa katika kituo hicho. Tangu mwaka 2019 eneo hilo ni bustani ya kumbukumbu. Nayo mawe ya makaburi ya Wayahudi, yaliyong'olewa wakati wa vita, yamerejeshwa makaburini, ingawa mengi hayakuweza kurudishwa juu ya makaburi yake halisi.

Zaidi ya watu milioni moja huzuru kambi ya Auschwitz kila mwaka, lakini walio wengi huondoka bila kuvuka mto kuingia mjini. Kambini wanaonyeshwa namna watu walivyouawa. Vinara vilivyofukuliwa, bustani na sinagogi dogo vinaeleza kile ambacho kambi haiwezi kukieleza: kwamba kabla ya kuwa wahanga, watu hao walikuwa wenyeji wa Oświęcim, wakiswali, wakifanya biashara na kulea watoto kwa karne kadhaa.