Ziwa Tanganyika 1914-1918: Kutembelea mahali vita vilipopita na kupapiga picha leo

Kila mwaka watu wengi wanasafiri mpaka Verdun na Somme huko Ufaransa, au Ypres huko Ubelgiji, kuona mahali ambako Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa. Wanapiga picha ya mashimo ya mabomu yaliyoota majani na ya makaburi yaliyopangwa mistari. Vibao viko kila mahali, na mgeni hawezi kupotea.

Vita vilevile vilipiganwa pia mashariki mwa Congo, lakini huku vibao ni haba sana. Mkaaji wa Kalemie, Uvira au Idjwi anaweza kupita kila siku mahali ambako mizinga ililia bila kujua. Siku hizi, kwa kuwa karibu kila kijana ana telefone yenye kamera, kazi ya kutafuta mahali hapo na kupapiga picha inawezekana bila feza nyingi. Habari hii inaeleza ni wapi pa kwenda, nini cha kutazama, na mambo gani ya kuchunga.

Vita vilifikaje ziwani

Mwezi wa 8 mwaka wa 1914, Ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka kati ya Congo ya Wabeleji na koloni la Wajerumani, ni kusema Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo. Wajerumani ndio waliokuwa na nguvu majini. Tarehe 22 mwezi wa 8, meli yao Hedwig von Wissmann ilishambulia meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune, karibu na mdomo wa mto Lukuga, na kuiharibu. Mwezi uliofuata Wajerumani wakakamata kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu. Hivyo Congo ikaingia vitani, na wakaaji wake hawakuulizwa.

Kalemie: mahali pa kuanzia

Kalemie, iliyoitwa Albertville zamani za ukoloni, ndiyo mji wa Congo uliokuwa karibu zaidi na vita vya majini. Mwisho wa mwaka wa 1915 Waingereza walileta huko mashua mbili ndogo za mbao zenye mota, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi. Mkubwa wao, Geoffrey Spicer-Simson, aliziita Mimi na Toutou. Ni majina ya Kifaransa ambayo watoto wanaita paka na mbwa. Mswahili akisikia “Mimi” anacheka kwa sababu nyingine kabisa.

Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka wa 1915, mashua hizo zilikamata meli ya Wajerumani, Kingani, mbele ya pwani ya Kalemie. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka wa 1916, Hedwig von Wissmann nayo ikazamishwa. Baadaye mwaka huo, ndege za Wabeleji zinazotua juu ya maji ziliruka kutoka pwani ya Congo na kuangusha mabomu Kigoma.

Leo mtu akisimama juu ya vilima vya Kalemie anaona maji, bandari, reli na mitumbwi ya wavuvi. Alama kubwa ya vita ni sura ya mahali penyewe: mdomo wa Lukuga, mstari wa vilima na njia ya reli. Ndivyo vitu vya kuweka ndani ya picha, sababu havijahama. Pwani yenyewe imebadilika, na maji ya ziwa yalipopanda katika miaka hii ya 2020 yalifunika sehemu nyingi za ukingo, Kalemie na vilevile Uvira na Bujumbura. Mahali palipopigwa picha miaka kumi iliyopita panaweza kuwa chini ya maji leo.

Njia ya mashua: kutoka Fungurume hadi Kabalo

Vitabu vingi vinasimulia vita vya majini na kuipita haraka njia iliyofikisha mashua ziwani. Kwa Mkongomani, njia hiyo ndiyo uwanja wa vita wenyewe.

Mimi na Toutou zilitoka Uingereza mwezi wa 6 mwaka wa 1915. Meli ilizifikisha Cape Town, na gari la moshi likazipandisha mpaka Fungurume, ambayo leo iko katika jimbo la Lualaba. Hapo reli iliishia. Kutoka Fungurume mpaka Sankisia mashua zilivutwa kwa nchi kavu zaidi ya kilometa 200, kwa mashini za mvuke, ng’ombe na mikono ya watu, kupitia milima ya Mitumba yenye urefu wa zaidi ya mita 1,800. Watu wa vijiji walikata miti, wakafungua barabara na kutengeneza madaraja zaidi ya 100. Kutoka Sankisia reli ndogo ikazipeleka Bukama, mto Lualaba ukazishusha mpaka Kabalo, na kutoka Kabalo reli mpya ikazifikisha ziwani mwisho wa mwezi wa 10.

Majina ya maofisa Waingereza yanajulikana mpaka leo. Ya wale waliovuta kamba katika Mitumba hayakuandikwa. Kwa hiyo picha ya bonde, ya kivuko cha zamani au ya njia iliyofungwa na majani upande wa Sankisia ina maana kubwa kama ile ya bandari.

Kigoma: meli ambayo haikufa

Ng’ambo ya ziwa, Kigoma ilikuwa na Graf von Götzen, meli kubwa kuliko zote ziwani, yenye urefu wa mita 71 hivi. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwa vipande, ikafungwa ndani ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam na kisha Kigoma kwa reli. Iliingia majini mwaka wa 1915. Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe tarehe 26 mwezi wa 7 mwaka wa 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya kupaka mashini zake mafuta mazito ili zisioze. Siku mbili nyuma yake Kigoma ikachukuliwa na jeshi la Congo.

Waingereza waliiinua mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Wengi katika Kivu ya Kusini wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine. Mwaka wa 1997, Liemba pamoja na meli Mwongozo zilirudisha nyumbani wakimbizi zaidi ya 75,000 wa Congo, na Liemba peke yake ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Meli iliyojengwa wakati wa ukoloni na kutumiwa vitani ikawa meli ya kurudi nyumbani. Mwenye kuipiga picha afikirie pia mama aliyeshuka Uvira na watoto wake mwaka ule.

Njia ya Tabora na wapagazi

Mwaka wa 1916, Force Publique, jeshi la koloni chini ya Jenerali Tombeur, lilivuka mpaka kwa makundi mawili makubwa. Moja lilitoka upande wa Kivu na kuingia Kigali tarehe 6 mwezi wa 5. Lingine lilipita upande wa Ruzizi na kufika Usumbura, yaani Bujumbura, tarehe 6 mwezi wa 6. Tarehe 19 mwezi wa 9 jeshi likaingia Tabora, baada ya mapigano makali kuzunguka mji. Vita viliisha rasmi kwa upande huu tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka wa 1918, pale Jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliposalimisha silaha Mbala, Zambia ya leo, si mbali na ncha ya kusini ya ziwa.

Nyuma ya askari walitembea wapagazi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu kama 260,000 waliobebea jeshi la Wabeleji chakula, risasi na mizinga. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Njaa, kuhara, homa na uchovu viliwaua kuliko risasi, na walizikwa kando ya njia bila jiwe.

Upande wa Waingereza jambo hili lilichunguzwa. Mwaka wa 2021, tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ndiyo maana katika sehemu zetu mtu asingoje kuona kaburi ndipo atoe kamera. Mara nyingi kaburi ni njia yenyewe.

Namna ya kupiga picha yenye faida

Kwanza, tafuta picha ya zamani. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na Imperial War Museum ya London yanahifadhi picha nyingi za wakati huo. Pili, tafuta kitu kisichohama: kilima, mdomo wa mto, pembe ya reli. Simama mahali mpiga picha wa zamani aliposimama, uelekeze kamera vilevile. Picha mbili zikiwekwa pamoja, hata mtoto wa shule anaona kilichobadilika.

Tatu, andika. Picha ya majani bila maneno ni majani tu. Andika tarehe, jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, jina la zamani, na maneno ya mzee aliyekuonyesha, kama amekubali. Walioona vita vile wamekwisha kufa wote. Wajukuu wao waliosimuliwa ni wazee sasa, na wakienda kabla ya kuulizwa, mahali pale patabaki pori tu.

Nne, usisahau majina. Kambi Saïo ya Bukavu, kwa mfano, inachukua jina la mahali pa Ethiopia ambako askari wa Congo walishinda Waitalia mwaka wa 1941, katika Vita vya Pili vya Dunia. Jina ni alama ya vita, na unaweza kuliandika bila kupiga picha ya kambi.

Ruhusa, usalama na heshima

Bandari, daraja, uwanja wa ndege, mpaka na kambi ya jeshi si mahali pa kutoa kamera ovyo. Mtu anaweza kukamatwa au kunyang’anywa telefone. Anza kwa chefu wa kartie au wa kijiji, halafu wakubwa wa bandari au wa reli, na ukipewa karatasi ya ruhusa tembea nayo. Ukivuka kwenda Tanzania, Burundi au Zambia, ulizia sheria za huko kabla ya kuanza. Kama njia haina usalama, ngoja. Hakuna picha inayolingana na uzima wa mtu.

Usitoke nje ya njia inayopitwa na watu. Hatari kubwa haitoki mwaka wa 1916, inatoka kwa vita vya miaka yetu. Chuma usichokijua ndani ya majani usikiguse, usikipige teke, usikipelekee muuza vyuma. Weka alama kwa mbali, onya wengine, pasha habari kwa kiongozi wa eneo ili wahusika wa kutegua mabomu, kama kituo cha serikali CCLAM, waitwe.

Tena, uwanja wa vita wa miaka 100 iliyopita si sawa na mahali ambako damu ingali inaliliwa. Kasika na Makobola, katika Kivu ya Kusini, ni mahali raia waliuawa mwaka wa 1998 na mwanzoni mwa 1999, na wenye kufiwa wangali wanaishi hapo. Huko mtu haendi kama mtalii. Anaenda akiitwa au akikubaliwa na jamaa, na wakisema kamera ibaki mfukoni, inabaki mfukoni.

Kazi ikiisha, acha nakala ya picha na maandishi katika shule ya kijiji, parokia au redio ya karibu. Telefone inaibiwa au kuanguka majini, lakini karatasi iliyobandikwa darasani itasomwa na watoto ambao babu wa babu zao walipita njia hiyo na mzigo kichwani.