Enzi ya Kadi za Salamu

Tabia ya kukaa macho kungoja jina lako litajwe mbele ya watu haikuletwa Kenya na Facebook. Ililelewa na redio ya taifa, Sauti ya Kenya, iliyojulikana kwa jina hilo tangu 1964 hadi iliporudia kuitwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, mwaka 1989.

Mjomba wangu, fundi cherehani wa Voi, alikuwa mwanasalamu, yaani mtu wa kutuma salamu zisomwe redioni. Kadi za salamu alizinunua kwa mafungu, akazihifadhi kwenye droo ya cherehani pamoja na chaki na bobini. Kila kadi ilikuwa na mistari ya jina la mtumaji na anakotoka, kisha wasalimiwa, na mwisho ujumbe. Aliandika kwa herufi kubwa, bila haraka, kwa kuwa mtangazaji akikwama kwenye jina la mtu, aliyeaibika ni mwandishi. Kadi ikatiwa stempu, ikaenda Sanduku la Posta 30456, Nairobi. Baada ya hapo ni kusubiri, wiki hata miezi.

Siku moja nilimwuliza, "Mjomba, hawa si unaonana nao sokoni? Kwa nini usiwasalimu huko huko?"

"Sokoni nitasikika na wao tu," akanijibu. "Redioni nchi nzima itajua kwamba wana mtu anayewakumbuka."

Jibu hilo ndilo historia yenyewe. Betri zilikuwa ghali. Zikipungua nguvu tulizianika juani, na redio ilifunguliwa kwa hesabu: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, salamu. Mtu aliyegharamia betri, kadi na stempu alikuwa na haki yake hewani, naye aliidai. Mtangazaji aliyesoma majina ovyo alilalamikiwa kwa barua. Aliyeyasoma kwa heshima alipendwa kama ndugu.

Waliozoea kusalimiana bila kuonana wakaanza kutafutana. Vikazaliwa vyama vya wanasalamu, vyenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwenzao akifiwa walichanga, wakafunga safari kwenda kuzika. Shangazi alipofariki walikuja wageni ambao hakuna aliyewajua kwa sura pale nyumbani. Walipotaja lakabu zao za redioni, mjomba alinyanyuka akawakumbatia mmoja mmoja, huku analia.

Idhaa za Kiswahili za ng'ambo nazo, BBC tangu 1957, Peking tangu 1961 na Deutsche Welle tangu 1963, zilijenga usikivu wao kwa barua za wasikilizaji, na ile ya China iliendelea kusoma salamu kwa miaka mingi.

Kisha zikaja redio za FM za watu binafsi miaka ya 1990, halafu simu za mkononi na ujumbe mfupi. Hapo, kwa maoni yangu, salamu zilipungua uzito: maneno yalikatwakatwa, majina yakasomwa mbiombio. Mwaka 2009 mkonga wa intaneti wa chini ya bahari, TEAMS, ulipofika Mombasa, na Facebook ikapatikana kwa Kiswahili, wanasalamu hawakuhitaji kufundishwa lolote. Waliingia na lakabu zao zile zile, wakaunda makundi, wakachangiana misiba kwa M-Pesa.

Kwa hiyo nawashangaa wenye biashara wanaomwaga picha za bidhaa mtandaoni wasijibu hata swali moja la bei, kisha wakasema wateja wetu ni wagumu. Mteja huyu amelelewa kuamini kwamba akikupa muda wake utamtambua. Usipomtambua anaondoka, kama mjomba alivyozima redio kipindi cha salamu kilipoharakishwa.

Kadi zenyewe zinapotea. Nyingi zimewashiwa jiko, nyingine zimeliwa na mchwa. Kama kwenu zimebaki, tafadhali msizitupe. Wakalisheni wazee chini wawatajie kila lakabu ilikuwa ya nani na wa wapi, mwandike nyuma ya kadi kwa kalamu ya risasi, kisha mzipeleke kwenye maktaba iliyo karibu nanyi wakati wenyewe bado wapo wa kuzieleza.