Mapanga Kumi na Mawili

Ami yangu aliingia kazini katika uwanja wa ndege wa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1956, kijana wa miaka kumi na minane aliyetoka Mombasa na sanduku la bati. Kwenye karatasi aliandikwa msaidizi wa fundi. Wenyewe waliitana spana boi. Ramadhani iliyopita alikuja kukaa kwangu Nairobi, na usiku mmoja baada ya tarawehe akanikuta mbele ya kompyuta, nawasha injini za ndege ya Dakota.

"Wafanyani?"

"Naruka, ami. Natoka Nanyuki nakwenda Entebbe."

Akavuta kiti, akavaa miwani. Injini ya kushoto ilikohoa, ikatoa moshi wa kijivu, ikashika. Nikamgeukia nikitarajia sifa.

"Mbona hukuzungusha mapanga?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Injini ya Dakota ina silinda 14, zimepangwa duara katika safu mbili, saba mbele na saba nyuma. Ndege ikilala usiku kucha, oili hushuka polepole na kutuama katika silinda za chini. Hewa hubanika, oili haibaniki. Ukipiga stata silinda ikiwa imejaa, pistoni hugonga pale na kitu lazima kipinde, nacho huwa ni konrodi. Kwa hiyo kila alfajiri, rubani akiwa bado na kikombe chake cha chai, vijana wawili walishika panga moja baada ya jingine na kuizungusha propela kwa mikono, wakihesabu kwa sauti mpaka kumi na mawili. Likigoma, hulilazimishi. Unamwita fundi, plagi ya silinda ya chini inafunguliwa, na oili inamwagika chini.

"Kisha upande wa pili," akasema. "Kumi na mawili tena."

Mimi nilikuwa nimebonyeza kitufe.

Mimi ni mhasibu, na urubani wangu wote umo katika meza ya mbao, jostiki moja na pedali za miguu nilizonunua kwa mtu. Programu ya Microsoft ninayorukia ilianza mwaka 1982, siku ambazo ardhi ilikuwa mistari na ndege ilikuwa saa chache zilizochorwa. Mwaka 2022, katika toleo la kutimiza miaka arubaini, wakatia DC-3, ndiyo hiyo Waingereza waliyoiita Dakota. Tangu hapo nimeacha majeti. Jeti la kwenye kompyuta hujiendesha lenyewe. Unaweza kwenda kuswali ukarudi. Dakota haikuachi uondoke.

Nimejiwekea masharti. Situmii setilaiti kuniongoza wala ramani inayotembea kwenye kioo. Nina saa ya ukutani, penseli, rula, na ramani ya karatasi niliyoibandika nyuma ya mlango. Kila wiki nachagua safari moja ya zamani na kuirudia. Nimekwisha kupita njia ya Imperial Airways, ambayo mwaka 1931 huduma yake kutoka London iliishia Mwanza kabla ya kusogezwa hadi Cape Town mwaka uliofuata. Nimeruka pia Dragon Rapide, ndege ya mbao na kitambaa yenye mabawa mawili juu na mawili chini. Ndege sita za aina hiyo ndizo East African Airways ilizoanza nazo mwaka 1946, shirika la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Dakota zilifuata baadaye. Marekani ilikuwa imeunda zaidi ya 10,000 kwa ajili ya vita, na vita vilipokwisha zilimwagika sokoni kwa bei ambayo hata shirika changa liliimudu.

Usiku ule nilikuwa narudia safari ya tarehe 6 Februari 1952. Binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa amelala hoteli ya Treetops, karibu na Nyeri, na babake akafa Sandringham, Uingereza, usiku huohuo. Habari zilimfikia mchana, akiwa Sagana. Meli yake, Gothic, ilikuwa inamngoja Mombasa. Argonaut, ndege kubwa ya injini nne iliyokuwa imemleta kutoka London, ikamngojea Entebbe, na kazi ya kumfikisha huko ikaangukia Dakota ya East African Airways iliyoondoka Nanyuki jioni. Entebbe wakakuta dhoruba ya radi, na Argonaut ikabaki chini mpaka ilipopungua. Tarehe 7 alishuka London akiwa malkia.

Imeandikwa sana safari hii, na kila mwandishi yuko kiti cha abiria. Mimi nilivutwa na kitu kingine: ramani. Nanyuki iko juu ya Ikweta. Entebbe nayo iko juu ya Ikweta, au pua na mdomo nayo. Ukiweka rula, mstari unakwenda magharibi moja kwa moja, kilomita kama 510, bila kupinda. Sijui safari nyingine ya ndege ya zamani iliyo rahisi hivyo kwenye karatasi.

Hewani si rahisi. Uwanja wa Nanyuki uko kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Kitabu cha Dakota kinasema wakati wa kupaa, presha ya hewa inayoingia kwenye injini ifike inchi 48 na mzunguko ufike 2,700 kwa dakika. Nilisukuma vishikio vyote vya injini mbele na mshale wa presha ukakataa kufika. Ndege ikatimka, mkia ukanyanyuka, nikawa natazama miti ya mwisho wa uwanja kwa namna nisiyoipenda.

"Waache wapande wenyewe," ami akasema. "Usiwavute."

Kwake injini ni watu.

Nikapanda mpaka futi 12,000 kwa sababu ya Nyandarua, ambayo kilele chake hufika mita 4,000 kusini ya mstari wangu, na kwa sababu ya Timboroa mbele. Dakota haina kabini ya presha; hewa anayovuta abiria ni hiyohiyo iliyo nje. Nyahururu ikapita chini, wakati ule ikiitwa Thomson's Falls. Kisha Bonde la Ufa likafunguka, jua likiwa machoni mwangu, kwani anayefuata Ikweta jioni kwenda magharibi hulikimbiza jua saa nzima na halipati.

Hapa ndipo programu iliponidanganya. Giza lilipoingia taa zikawaka kila mahali: Eldama Ravine, Maseno, Kisumu ikimetameta kama bandari. Upande wa kaskazini Jinja iling'aa. Mwaka 1952 bwawa la Owen Falls lilikuwa bado linajengwa, lilifunguliwa 1954. Rubani wa usiku ule alikuwa na karibu giza tupu chini yake, kisha giza la maji. Nilitafuta namna ya kuzima taa zote za dunia, sikuipata, nikapunguza mwanga wa kioo mpaka ami akalalamika haoni kitu.

Kosa lililofuata lilikuwa langu. Ndani ya Dakota kuna gairo inayoonyesha uelekeo, nayo huhama kidogo kidogo. Kila robo saa sharti uirekebishe kwa dira. Nilikuwa namsikiliza ami. Alikuwa anaeleza plagi: kila silinda ina mbili, kwa hiyo injini moja ina 28 na ndege nzima 56, na katika miaka yake ya kwanza kazi yake kubwa ilikuwa kuzisafisha moja moja na kuzipanga kwenye trei ya mbao yenye matundu yaliyoandikwa namba, ili fundi asome kwenye rangi ya masizi silinda gani ina ugonjwa. Alionyesha kwa vidole alivyoishika plagi. Nilipokumbuka gairo nilikuwa juu ya visiwa, na havikuwa visiwa nilivyovitarajia. Nilikuwa nimeteleza kusini hadi Ssese.

Tulifika Entebbe dakika 25 baada ya hesabu yangu, na dhoruba niliyoiweka mwenyewe ikinipiga ubavuni. Nilitua kwa magurudumu ya mbele, nikasahau kufunga lile la mkiani, ndege ikajizungusha kama mbuzi aliyefungwa kamba na kusimama imetazama tulikotoka. Ami alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Uwanja mdogo kama Nanyuki, siku ile ya haraka, nani alizungusha mapanga? Nimesoma kila nilichokipata kuhusu jioni ile. Wamo wapiga picha na wamo waliokuwa wakilia. Watu wa injini hawamo.

East African Airways ilipata Comet mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966, ikafa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoibeba. Ukitafuta picha zake utaona ndege, marubani na wahudumu waliovaa vizuri. Spana boi huonekana pembeni, nusu yake imekatwa na fremu.

Sasa kabla ya kuwasha naweka mikono mapajani na kuhesabu mpaka kumi na mawili, kushoto na kulia, na mke wangu anadhani navuta uradi. Ami amerudi kwake Majengo, Mombasa. Ana miaka themanini na kitu na kumbukumbu yake ya Eastleigh ni nzima, ila mwaka huu ameanza kurudia hadithi. Nimemnunulia mjukuu wake simu ya kumrekodi. Kama kwenu yuko mzee aliyevaa ovaroli Eastleigh, Port Reitz, Entebbe au Dar es Salaam, mkalishe leo umwulize alihesabu mpaka ngapi.