Nguo za wanaanga zilizoshonwa nyumbani: kutoka New York 1939 hadi barabara za Kinshasa

Labda umeiona picha hii katika telefone ya rafiki: mwanaanga anayeng'aa kama bati jipya anatembea katika barabara ya Kinshasa, teksi upande huu, wauza maji upande ule. Ukiikuza picha, unaona nguo yake haikutoka Marekani wala Urusi. Ni kadi za kompyuta zilizokufa, nyaya na vipande vya vyombo vya umeme, vyote vimefungwa kwa mkono. Wengine hucheka, wengine husema ni wazimu wa watu wa Kinshasa. Lakini desturi ya kujitengenezea nguo za watu wa anga ina historia yake, na sehemu ya historia hiyo inapita katika milima ya Masisi na Walikale, na hata mjini Kisangani. Ndiyo sababu tunaieleza hapa.

Mwanzo wake unaojulikana zaidi ni New York, Julai 1939. Wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, zile hadithi za roketi, sayari na miji ya siku zijazo, walifanya mkutano wao wa kwanza waliouita wa dunia nzima. Walikuwa kama watu 200 tu. Wakati huohuo mjini mulikuwa maonyesho makubwa ya kimataifa yaliyoahidi "dunia ya kesho": magari, umeme, barabara pana. Kati ya waliofika mkutanoni walikuwako wawili kutoka Los Angeles, kijana Forrest Ackerman na mwenzake Myrtle Douglas, ambaye rafiki zake walimwita Morojo. Wenzao walikuja na nguo za kawaida. Hawa wawili walikuja wamevaa kama watu wa karne ijayo, na joho juu ya mabega.

Nguo zote mbili alizishona Morojo. Alifuata michoro ya Frank R. Paul, mchoraji wa magazeti ya hadithi hizo, na filamu ya Kiingereza ya mwaka 1936 iitwayo Things to Come. Lakini kwa miaka mingi jina lililotajwa mbele lilikuwa la Ackerman, kwa kuwa ndiye aliyekuja kuwa maarufu. Mshonaji akabaki nyuma. Sidhani akina mama wenye cherehani hapa kwetu watashangaa.

Mwaka 1940, mkutano wa pili ulipofanyika Chicago, mavazi yalikuwa tayari sehemu ya sherehe, na desturi ikaendelea. Televisheni ikaleta Star Trek mwaka 1966, sinema ikaleta Star Wars mwaka 1977, na kila moja ikazaa watu waliotaka kuvaa walichokiona. Wapenzi wa michezo nao wakawa na mikutano yao. Gen Con ilianza mwaka 1968 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, kwa michezo ya mezani. Baadaye, michezo ya video ilipoenea, mashujaa wa michezo hiyo wakaanza kutembea kwa miguu ndani ya kumbi. Neno linalotumiwa leo duniani, kosplei, lilitoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwandishi Takahashi Nobuyuki aliliunda kwa kuunganisha vipande viwili vya maneno ya Kiingereza, vazi na mchezo.

Katika mikutano hiyo kuna jambo moja linaloheshimiwa kuliko kununua, nalo ni kutengeneza mwenyewe. Mtu anaweza kukaa miezi akishughulikia kofia moja. Silaha na vifua vya chuma unavyoviona kwenye picha mara nyingi si chuma hata kidogo. Ni povu gumu, la aina ileile inayotumika katika kandambili na katika mikeka ya mazoezi. Hukatwa kwa kisu, hupashwa moto ili lipinde, huunganishwa kwa gundi, kisha hupakwa rangi mpaka jicho lidanganyike. Mwenye mfuko mwembamba hutumia kartoni. Ni ufundi wa kufanya kitu chepesi kionekane kizito.

Kinshasa wamefanya kinyume. Chuma chao ni chuma kweli.

Kabla ya kufika huko, tukumbuke kwamba Kongo iliwahi kuwa na roketi, na ilikuwa upande wetu huu wa Kiswahili. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Kijerumani, OTRAG, ilipewa na Mobutu eneo kubwa sana kaskazini mwa Shaba, juu ya bonde la mto Luvua. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ile ya Juni 1978, iliyorushwa mbele ya Mobutu mwenyewe, ilianguka. Mwaka 1979, kwa shinikizo la nchi nyingine, mradi ukafungwa. Watu wa vijiji hawakuachiwa safari ya anga. Waliachiwa hadithi ya kusimulia.

Mwaka 2013 ndipo Michel Ekeba, Mkongomani, na Eléonore Hellio, Mfaransa anayefanya kazi Kinshasa, walipoanzisha kundi la Kongo Astronauts. Ekeba ndiye mtu wa ile picha. Hana roketi, hana mkutano wa kuhudhuria, hana jukwaa. Anatoka tu na nguo yake na kutembea katikati ya watu. Miaka miwili baadaye, 2015, msanii Eddy Ekete na wenzake wakaanzisha KinAct, siku za maonyesho yanayofanyika barabarani, bila tiketi na bila mlango. Ekete mwenyewe anajulikana kwa vazi la makopo ya vinywaji, ambalo hupiga kelele kila anapopiga hatua. Kundi la wanamuziki la Fulu Miziki, ambalo jina lake kwa Kilingala linamaanisha muziki wa takataka, linatengeneza vyombo vyake na vinyago vyake kwa mabomba, mabidoni na vyuma vilivyotupwa.

Kila vazi lina neno lake. Falonne Mambu hujifunga nyaya za umeme mwili mzima, katika mji ambamo kuna kartie zinazokaa siku nyingi gizani ingawa mabwawa ya Inga yako katika nchi hiyohiyo. Jean Precy Numbi Samba anavaa vipande vya magari na kujiita Robot Kimbalambala. Kimbalambala ni jina la Kinshasa la magari yaliyozeeka Ulaya kisha yakaletwa hapa kumalizia maisha. Mtu asiyejua angesema ni roboti ya sinema. Mwenye kupanda teksi za Kinshasa anajua anacheka nini.

Wazee wa Basongye na Baluba wangeona pia kitu kingine. Kinyago cha kifwebe hakikuvaliwa usoni tu. Kiliendana na nguo ya nyuzi iliyofunika mwili hata mtu asijulikane ni nani. Kijana aliyejificha ndani ya makopo si mgeni sana katika nchi hii.

Nguo hizi si raha kuvaa. Plastiki haipitishi upepo, kadi za kompyuta zina ncha zinazokata, na jua la Kinshasa halihurumii. Kwa vijana wa hapa wanaotaka kujaribu, na najua wapo, kwa sababu watoto wetu hutengeneza magari kwa mabidoni hata pale familia zilipokimbilia: msipasue betri za telefone, na msichome nyaya ili kutoa shaba. Moshi wake ni sumu.

Turudi kwenye zile kadi za kompyuta. Juu ya kadi nyingi mumebanwa vijipande vidogo vinavyoweka umeme kwa kitambo kidogo na kuutoa unapohitajiwa. Vile vilivyo vidogo na imara sana hutengenezwa kwa tantali, na tantali hutoka katika koltani. Mwaka 2000 dunia ilitaka telefone, kompyuta na mashine za michezo ya video kwa wingi kuliko ilivyowahi kutaka. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi mwaka huo. Kufikia mwisho wa mwaka bei ya tantali ilikuwa imepanda mara kadhaa, kisha mwaka 2001 ikaporomoka. Walioishi Masisi, Walikale na Kalehe wakati ule hawahitaji kuelezwa. Watu waliacha mashamba, watoto waliacha shule, wote wakafuata udongo mweusi. Novemba 2000 RCD, iliyotawala Goma, ikaunda kampuni moja, SOMIGL, ili ishike peke yake biashara yote ya koltani.

Huko Ulaya wengine waliandika kwamba mchezo wa video ndio ulioleta vita vya Kongo. Si kweli. Vita vilikuwa vimeanza mwaka 1996, vikaanza tena 1998, na vilikuwa na sababu zake. Lakini fedha za koltani ziliwapa wenye bunduki chakula na risasi, na jambo hilo halijaisha. Machimbo ya Rubaya, katika Masisi, yako mikononi mwa M23 tangu Aprili 2024, na kati ya wanaosoma haya wako waliotoka huko na mtoto mgongoni.

Hapo ndipo naona tofauti kati ya Morojo na Ekeba. Morojo alishona kesho aliyoisoma katika magazeti, kesho ambayo haijafika. Ekeba amevaa kesho iliyokwisha kutumiwa na watu wengine. Madini yalitoka katika ardhi kama yetu, yakaenda Asia yakawa mashine, mashine ikachezewa Ulaya, ikazeeka, ikarudi Kongo kama mtumba, ikafa, ikatupwa. Je, tantali iliyo kifuani mwake ni ya Rubaya? Inawezekana, kama inavyowezekana kuwa ya Brazili au Australia. Kadi haina alama ya kilima.

Kuna vazi moja la KinAct lisilo na nyaya wala makopo, na ndilo linalonikaa zaidi moyoni. Ni la Shaka Fumu Kabaka. Mwili wote umefunikwa na wanasesere wa plastiki waliovunjika. Mwenyewe amelipa jina Matshozi 6 Jours. Neno la kwanza ni Kiswahili chetu, machozi, limeandikwa kwa namna ya Kifaransa. Siku 6 ni zile za Kisangani, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, mwaka uleule wa koltani, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa mizinga ndani ya mji usio wao. Mamia ya raia walikufa, na wengi zaidi walikimbilia msituni. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa hasara za vita vile, za Kisangani na za Ituri pamoja.

Watoto wengi wanaolifuata vazi hilo katika barabara za Kinshasa walizaliwa baada ya mwaka ule. Atakayeuliza kwa nini ni wanasesere, na kwa nini wamevunjika, itabidi aanze kwa kusimuliwa habari za Kisangani.