Picha zilizookwa tanurini

Wadau, hebu tuanze na swali. Una mchoro wa Raphael, umri wake miaka mia tatu, turubai imechoka na rangi inapasuka. Utafanyaje? Najua jibu: piga picha, mambo kwisha. Sawa, lakini mwaka 1800 kamera ungeitoa wapi?

Mwaka huo Alexandre Brongniart, mtaalamu wa miamba, alikabidhiwa kiwanda cha kauri cha Sèvres, nje kidogo ya Paris. Akakiongoza mpaka alipofariki mwaka 1847. Jamaa alikuwa na wazo moja zito: michoro ya mabingwa inakiliwe juu ya vibao vya kauri. Rangi za kauri hutokana na madini, na zikishaokwa zinashikana na ule ung'avu wa juu. Jua haliziparuzi, unyevu hauzili. (Picha ya harusi ya wazazi wangu, ya miaka ya sabini tu, imeshageuka njano!)

Sasa kazi yenyewe ndiyo kasheshe. Kibao kikubwa hupenda kupinda motoni, hivyo kukipata kilichonyooka tu ni shughuli. Halafu mchoraji anapaka rangi asiyoiona, maana ile ya kwenye brashi siyo itakayotoka tanurini. Anapaka, kinaokwa, anarudia, kinaokwa tena. Kikipasuka mara ya mwisho, kazi ya miezi imekwenda na maji.

Aliyetamba zaidi ni mwanamke, Marie-Victoire Jaquotot, mzaliwa wa Paris mwaka 1772. Alimnakili Raphael, na mwaka 1830 akanakili mazishi ya Atala, mchoro maarufu wa Girodet. Alipewa hadi cheo cha mchoraji wa kauri wa mfalme. Wapo wanaosema mnakili si msanii. Mimi sikubali hata kidogo. Kukisia rangi kabla ya moto na kupatia, huo ni ufundi ambao Raphael mwenyewe hakuwahi kuujaribu.

Tatizo likaja mwaka 1839, Daguerre alipotangaza upigaji picha wake, hapo hapo Paris. Hoja ya kuhifadhi kwa kunakili ikaanza kupwaya taratibu. Jaquotot alifariki mwaka 1855.

Na sikilizeni hii. Mwaka mmoja kabla, kijana wa miaka 13, mzaliwa wa Limoges, mji wenye sifa ya kauri, alianza kazi kwenye karakana moja ya Paris, akichora maua kwenye vyombo. Baadaye mashine za kuchapa picha juu ya kauri zikaingia, karakana ikafungwa, dogo akabaki bila ajira. Akahangaika na kupaka rangi feni za mkononi, kisha akaenda kujifunza uchoraji wa turubai. Huyo ni Auguste Renoir!

Leo Renoir anajulikana kila kona. Vibao vya Jaquotot vingine vimo kwenye jumba la makumbusho la Sèvres, lile lililoanzishwa na Brongniart, na rangi zake ni zilezile zilizotoka tanurini.