Michembe, Matobolwa na Historia Iliyomo Sahanini

Historia tuliyofundishwa darasani, na ambayo nasi tuliwafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, ilikuwa historia ya machifu, magavana, vita na mikataba. Ni nadra sana kitabu cha historia kumwuliza mwanafunzi: Je, bibi yako alipika nini, na chakula hicho kilitoka wapi? Hata hivyo naamini kwamba sahani ya mtu ni kitabu, na mwenye kujua kuisoma ataona humo safari ndefu kuliko ile ya Vasco da Gama.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Ngulyati, katika Wilaya ya Bariadi. Kabla chipsi na biskuti hazijajaa kando ya barabara na kwenye milango ya shule, vitafunio vya Wasukuma vilikuwa michembe, matobolwa, karanga, njugu mawe za kuchemsha, ubuyu na ukwaju. Mlo wenyewe ulikuwa ugali wa mtama au uwele kwa maziwa ya mgando, au kwa nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga zilizotwangwa.

Kwa faida ya msomaji asiyetoka Usukuma, yafaa nieleze tofauti ya michembe na matobolwa, kwa sababu wageni wengi huvichanganya. Vyote viwili ni viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Michembe humenywa vikiwa vibichi, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya mawe siku kadhaa mpaka vikauke kabisa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa. Michembe ni lazima ipikwe kabla ya kuliwa, na aghalabu hupondwa pamoja na karanga. Matobolwa huweza kutafunwa hivyo hivyo vikavu, na kwa hiyo mchunga ng'ombe na mwanafunzi walivitia mfukoni asubuhi, vikawatosha mpaka jioni. Kazi hii yote ni ya akina mama, nayo hufanyika wakati wa kiangazi, jua likiwa kali na viazi vimekwisha kuvunwa.

Sasa hapa ndipo historia inapoingia. Watu husema, "Hiki ni chakula chetu cha asili." Ni kweli, lakini asili hiyo ina matabaka. Mtama ni mwenyeji wa kale: wataalamu wa mambo ya kale wamekuta kwamba ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Uwele ulitoka Afrika Magharibi, kwenye ukanda wa Saheli. Kunde na njugu mawe nazo ni za Afrika. Lakini kiazi kitamu, muhogo, mahindi na karanga vyote asili yake ni Amerika, navyo vilivuka bahari kuja Afrika baada ya Wareno na Wahispania kufungua njia za merikebu mwishoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo bibi yangu aliyepika michembe kwa karanga alikuwa akipika mazao mawili ya Amerika, kwa ujuzi uliotungwa hapa hapa Usukuma. Mbegu ilikuwa ya kigeni, akili ilikuwa yetu. Nadhani hilo ndilo jibu kwa wale wanaodhani kwamba utamaduni ni kitu kilichosimama tangu kuumbwa kwa ulimwengu.

Baadhi ya mazao na mapishi yalikuja kwa miguu ya wapagazi. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walisafiri kwa maelfu kwenda pwani na kurudi, wakichukua pembe za ndovu na kuleta nguo na shanga. Waarabu na Waswahili waliokaa Tabora walilima mpunga, na leo mpunga umejaa katika majaluba yetu kwenye udongo mweusi wa mbuga. Kisha reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga na Malampaka, na bidhaa za madukani zikapata njia nyepesi zaidi. Wenye maduka wengi walikuwa Wahindi, na ndiyo maana neno chapati ni la Kihindi. Sambusa nayo jina lake limetoka Uajemi. Unga wa ngano, sukari na majani ya chai vilizoeleka hasa katika msimu wa pamba, ambapo mkulima alikuwa na fedha mkononi. Ushirika wa Victoria ulioanzishwa mwaka 1955, na ambao Paul Bomani alikuwa kiongozi wake, ulipokuwa ukinunua pamba, palipokuwa na mzani hapakukosa mama wa maandazi. Pamba, kwa namna hiyo, ilitufundisha kununua chakula.

Lakini pamba hailiwi. Utawala wa Kiingereza uliliona hilo, ukawaamuru wakulima wa Usukuma wawe na mashamba ya muhogo kama akiba ya njaa. Akina mama walikuwa tayari na akiba yao ndani ya vihenge, bila kuamriwa na mtu. Michembe na nsansa havikuwa vitafunio tu, bali vilikuwa benki. Nchi yetu hii mvua yake haina uaminifu. Mwaka mmoja hujaza mito, mwaka wa pili huunguza hata majani.

Mabadiliko makubwa zaidi niliyaona kwa macho yangu. Katika miaka ya 1974 na 1975 ukame ulikutana na operesheni ya kuhamishia watu katika vijiji, na taifa likaagiza nafaka nyingi kutoka nje. Ndipo yalipokuja mahindi ya rangi ya njano, na watu, kwa utani wa mpira, wakauita unga wake "unga wa Yanga". Tuliula kwa kuwa hapakuwa na mwingine, na wengi walikula huku wakikunja uso.

Jambo la pili halisemwi mara nyingi, nami kama mwalimu nalifikiri sana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, na mwaka 1977 mpango huo ukatekelezwa nchi nzima. Lilikuwa jambo jema, na sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini mtama na uwele vina adui, ndege aitwaye kweleakwelea, ambaye hushuka shambani kwa maelfu. Walinzi dhidi ya ndege hao walikuwa watoto. Tulipowaita watoto darasani, mtama ukabaki bila askari. Hindi limefunikwa na maganda yake, na ndege hao hawaliwezi kama wanavyouweza mtama. Mkulima akapiga hesabu zake, akapanda mahindi, hata pale ambapo mvua hazitoshi kwa mahindi. Zilikuwapo sababu nyingine pia, kama vile mashine za kusaga na ladha ya sembe nyeupe, lakini hii ya ndege isisahauliwe. Kila jema lina gharama yake, na gharama isiyoandikwa daftarini hulipwa na kizazi kinachofuata.

Hata ziwa limebadili kitoweo. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza furu wa aina nyingi. Furu wakavu tuliowajua utotoni wamekuwa adimu. Gulioni siku hizi utakuta dagaa.

Je, nalia kwa sababu ya uzee? Vijana huniambia hivyo. Mjukuu wangu huniambia kwamba matobolwa ni "chakula cha njaa", kisha hunionyesha chipsi zake. Namjibu kwamba hata chipsi ni kiazi kilichotoka Amerika, ila hicho kimepita Ulaya kwanza. Hatuna sababu ya kumwonea haya mmoja na kumheshimu ndugu yake. Lakini tofauti ipo. Chipsi huliwa leo, na kesho ni lazima uwe na fedha nyingine. Matobolwa ya Agosti huliwa hata baada ya mvua kuanza, mfukoni kukiwa hamna kitu.

Kinachonitia hofu hasa ni marando. Kiazi kitamu hapa kwetu hupandwa kwa marando, na marando hayawekwi ghalani kama mahindi. Ni lazima mtu ayatunze kiangazi chote mahali penye unyevu, karibu na kisima au bondeni, ili mvua ikinyesha awe na cha kupanda. Familia ikiacha kupanda kwa msimu mmoja au miwili, aina yao ya kiazi imepotea, na jina lake hupotea nayo. Serikali na wataalamu wametuletea viazi lishe vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A nyingi, na ni vyema vipandwe. Lakini mgeni akaribishwe bila mwenyeji kufukuzwa.

Ushauri wangu ni mdogo. Kila shule ya Simiyu yenye kisima iwe na tuta la marando, na watoto waandike majina ya aina za viazi kwa kuwauliza bibi zao kabla hawajatutoka. Akina mama wanaouza vitafunio kwenye milango ya shule wahimizwe kuuza pia matobolwa na karanga. Karanga zilikuwa zikifungwa katika karatasi za daftari kuukuu, na mara nyingi nilipofungua nilikuta hesabu za mwanafunzi fulani, nyingine zikiwa na alama ya kosa. Hesabu hii ya chakula tusiikosee, kwa maana mtihani wake huletwa na ukame, na ukame hautoi tarehe.