Wimbo wa Njiani na Kadi ya Mrekodi: Mwenda Jean Bosco Akitazamwa kutoka Rusizi

Kiswahili cha soko la Kamembe, wilayani Rusizi, hakikusubiri sheria. Kilikuwa kikivuka daraja pamoja na wachuuzi wa Bukavu muda mrefu kabla ya Bunge la Rwanda kukiidhinisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Nyimbo zilivuka nacho. Je, nani huzihifadhi nyimbo za njiani za lugha hii? Mfano ulio bayana zaidi uko Katanga.

Mwaka 1952, mjini Jadotville (Likasi ya leo), Hugh Tracey alimkuta kijana akipiga gitaa barabarani, akamrekodi. Kijana huyo, mzaliwa wa Bunkeya, alikuwa Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake “Masanga” ulienea kwa santuri za Gallotone. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, nyuzi nene zikishika mapigo yao na nyembamba yao, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Wapiga gitaa wa Nairobi, alikokwenda mwaka 1959, walimwiga.

Kusikika, hata hivyo, si kutambuliwa. Alialikwa tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969. Ulaya ilimpokea katika miaka ya 1980. Albamu aliyoirekodi Cape Town mwaka 1988 ilitoka akiwa amekwisha kufariki kwa ajali ya gari nchini Zambia, mwaka 1990.

Kilichomwokoa na usahaulifu, pamoja na kipaji, ni kadi. Tracey aliandika jina la mwimbaji, mahali, lugha na ala, kisha akaanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Mwaka huohuo wa 1952 alirekodi Rwanda pia. Lakini albamu iliyotolewa baadaye kutokana na safari hiyo inabeba jina la ua wa Mwami. Ngoma za kifalme zilikuwa na mlinzi, mwimbaji wa sokoni hakuwa naye.

Nchini Kenya, rekodi alizozifanya miongoni mwa Wakipsigis mwaka 1950 zilirudishwa vijijini mwaka 2014. Wazee walizisikia sauti zao za ujanani. Urejeshaji huo uliwezekana kwa sababu kadi zilisema sauti hizo zilitoka wapi. Mwimbaji wa Kamembe anayerekodiwa leo kwa simu ya mpita njia hana kadi, na jina lake mara nyingi haliulizwi.